Ali ni Bingwa Wangu, Lakini Norton Anamdai

Wacha niseme mapema, anayetaka kukasirika akasirike sasa hivi tumalizane: Muhammad Ali alishindwa mapambano saba. Rekodi inasema matano. Alipigana mara 61, akashinda 56, na 37 kati ya hayo kwa nokauti. Mimi nimekaa chini na daftari, nimetazama, nimehesabu raundi moja moja, na yangu inasoma 54 kwa 7. Na bado ukiniuliza nani bingwa wa uzani mzito kuwapita wote, nitasema Ali kabla hujamaliza swali.

Nilimwambia mjomba wangu maneno haya Jumapili moja baada ya chakula, nikidhani ni stori ya kupitisha wakati tu. Akaweka kikombe chini polepole. Akaniuliza, "Wewe kijana, umewahi kuvaa glovu?" Nikasema sijawahi. "Basi." Jumapili mbili zilizofuata nikimsalimia anaitikia kama mtu anayeitikia askari wa kaunti.

Lazima mjue mjomba ni nani ndio muelewe. Ni kaka mdogo wa mama. Miaka ya themanini alicheza ndondi za ridhaa, na ukimuuliza alifanyia mazoezi wapi anakujibu bila kucheka, "Madison Square Garden." Anakuacha uwaze New York wee, kumbe ni ukumbi ulio hapa Nakuru, watu waliubandika jina hilo zamani na likashika. Anasema siku ya Kinshasa, Jumatano tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kule Zaire pambano lilianza saa kumi alfajiri, kwetu ikawa tayari ni saa kumi na mbili asubuhi. Habari ilimkuta njiani akienda shule, akakimbia njia iliyobaki yote akirusha ngumi hewani. Kwa hivyo mnaelewa, Ali kwake si mada ya kubishania. Ni kama umesema neno juu ya marehemu babu.

Lakini mimi nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri, na sikuwa tayari kuifuta kwa sababu ya kikombe cha chai.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Mapambano mengi ya Ali yako kwenye intaneti, mengine mazima kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Nilinunua bando, nikazima sauti kabisa. Kuzima sauti ni muhimu kuliko unavyodhani. Ukiiacha, unasikia ukumbi mzima ukiunguruma kila Ali akitikisa bega, hata kama ngumi yake imetua kwenye glovu za mwenzake au imepita hewani. Mtangazaji naye ana mapenzi yake. Ukizima unabaki na watu wawili na ngumi zao. Kila raundi dakika tatu, kengele ikilia unaandika mshindi, na huruhusiwi kurudi nyuma, kwa sababu jaji halisi hana kitufe cha kurudisha. Unaangalia ngumi safi zilizofika kwanza. Halafu nani anasukuma mchezo na anafaidika nao, maana kusonga mbele tu huku unapigwa si kushinda. Halafu nani anakwepa vizuri na nani anaamua pambano lichezwe wapi.

Nilianza na yale ya ujana, akiitwa bado Cassius Clay. Tarehe 13 Machi 1963, Madison Square Garden (ile ya New York sasa), dhidi ya Doug Jones. Raundi kumi. Clay ana miaka 21, mdomo umeshafika kila mahali, ameahidi kumaliza kazi mapema. Raundi ya kwanza tu Jones anamtandika ngumi ya kulia inayompeleka kambani. Mwishowe majaji wawili wakampa Clay 5-4 na raundi moja sare, refa akampa 8-1 na moja sare. Ukumbi ukazomea, vitu vikarushwa ulingoni. Watu wengi huliweka pambano hili kwenye orodha ya ushindi wa kuibiwa. Mimi nakataa. Nilimpa Clay kwa raundi moja, kwa sababu raundi za mwisho alikuwa na kasi ambayo Jones hakuwa nayo tena. Majaji wawili walikuwa sawa. Refa wa 8-1 ndiye alitazama kitu kingine, sijui nini. Nadhani zile kelele zote zilikuwa za watu waliotaka tu kumwona yule kijana mwenye mdomo akinyamazishwa.

Miezi mitatu baadaye ilikuwa London na Henry Cooper, na hapo kuna hadithi ambayo kila mzee wa ndondi anayo. Mwisho wa raundi ya nne Cooper alimwangusha Clay kwa ngumi ya kushoto, kengele ikalia. Glovu ya Clay ilikuwa na mpasuko, na kocha wake Angelo Dundee baadaye alisimulia kwamba aliuongeza kidogo kwa kidole ili apate muda. Hadithi inasema walipata dakika nzima na zaidi. Ukitazama filamu yenyewe na saa mkononi, nyongeza ni sekunde chache tu. Raundi ya tano Clay alimchana Cooper juu ya jicho mpaka refa akasimamisha. Kwa hivyo ujanja ulikuwepo, ndio, lakini haukuwa mkubwa kama unavyosimuliwa. Sikumnyang'anya Ali ushindi huo.

Kuhusu Liston wa pili, Mei 1965 kule Lewiston, Maine, sitapoteza muda. Ngumi moja ambayo nusu ya watu hawakuiona, Liston chini, refa Jersey Joe Walcott amechanganyikiwa na hesabu, mwandishi mmoja wa kando ya ulingo anamwita kumwambia muda umepita. Ngumi ilifika, nimeiona. Kama ilitosha kumlaza Sonny Liston, hilo hakuna daftari linaloweza kulijibu.

Sasa, mchezo bora. Waulize waliosoma ndondi watakuambia Cleveland Williams, tarehe 14 Novemba 1966, ndani ya Astrodome mjini Houston. Na ukitazama kwa macho tu, ni kweli kabisa. Sijawahi kuona mtu wa kilo zaidi ya tisini akitembea hivyo. Miguu kama ya mtu wa uzani mwepesi, ngumi zinatoka akiwa anarudi nyuma, jambo ambalo makocha wote wanakataza kwa sababu huwezi kuwa na nguvu ukienda kinyume. Yeye anaweza. Anamwangusha Williams mara tatu raundi ya pili, mara nyingine ya tatu, refa anamaliza.

Lakini kuna kitu ambacho wanaosambaza ile klipu hawasemi. Karibu miaka miwili kabla, Williams alikuwa amepigwa risasi na polisi wa barabarani wa Texas. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, akapoteza figo moja. Huyo ndiye mtu aliyesimama mbele ya Ali usiku ule. Kwa hivyo ni maonyesho mazuri kuliko yote, lakini mimi nikitafuta mchezo bora natafuta na mpinzani. Ukimpiga mgonjwa kwa ustadi, ustadi ni wako, ila usiniambie ndio kilele.

Kilele ni Kinshasa. Najua ni jibu la kila mtu, na kwa muda nililikwepa kwa sababu hiyo tu, nikitaka kuonekana mjanja. Nikarudi. George Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, na 37 kwa nokauti. Joe Frazier alimwangusha mara sita ndani ya raundi mbili. Ken Norton naye raundi mbili. Hao ndio watu wawili pekee waliokuwa wamempiga Ali. Ali ana miaka 32, ameshanyimwa ndondi miaka mitatu na nusu kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam, miguu ya Houston haipo tena.

Kila mtu anakumbuka kamba. Eti Ali aliegemea kamba, Foreman akachoka, mchezo ukaisha. Mimi nawaomba mtazame raundi ya kwanza na sauti ikiwa imezimwa. Ali anampiga Foreman ngumi ya kulia ya moja kwa moja, bila kutanguliza ya kushoto. Kwa mabingwa hilo ni kama tusi, kwa sababu mkono wa kulia unatoka mbali na mtu anauona ukija. Anampiga tena. Na tena. Foreman anaingia na hasira, na hasira ndiyo inamfanya arushe kila kitu kwa nguvu zote kwenye raundi zilizofuata. Yaani kamba zilikuwa sehemu ya pili ya mpango. Sehemu ya kwanza ilikuwa kumfanya jitu lile likasirike. Na hata pale kambani Ali hakuwa amelala: anapokea ya mbavu kwa mikono na viwiko, anavuta kichwa nyuma, halafu sekunde za mwisho za raundi anaamka na kupiga ngumi nne, tano safi. Majaji walikuwa wanampa yeye raundi. Kufikia ya nane alikuwa anaongoza hata kabla hajamwangusha. Watu wanasema Dundee alilegeza kamba makusudi. Dundee alikana hadi mwisho.

Halafu zile kelele za uwanjani, "Ali, boma ye." Nilipokuwa mdogo nilidhani wanasema kitu kuhusu boma, nyumbani, kwamba Ali amerudi boma. Ni Kilingala, na maana yake ni muue. Nilisikitika kidogo nilipojua.

Manila, Oktoba 1975, raundi 14 na Frazier, siiweki kwenye michezo bora. Ni kitu kingine. Eddie Futch alimzuia Frazier kutoka kwa ya 15 kwa sababu macho yalikuwa yamefunga, na Ali mwenyewe hakuonekana mtu aliyetaka kuinuka tena. Nimeitazama mara moja na sidhani nitarudia.

Baada ya Manila ndipo shida yangu na mjomba inaanza.

Tarehe 30 Aprili 1976, Landover, Maryland. Jimmy Young, kijana wa Philadelphia ambaye Ali hakumchukulia kama kazi. Ali alipanda mizani na ratili 230, mzito kuliko alivyowahi kuwa. Alikuwa amepigana Februari na alikuwa na pambano lingine Mei, Young katikati kama kituo cha kujaza mafuta. Na Young akamfanyia Ali kile ambacho Ali alikuwa akiwafanyia wengine: akamfanya akose. Anarudi nyuma, anainama, anajibu ngumi mbili safi za kushoto, anaondoka. Jambo lililomponza ni kwamba Ali akimkaribia alikuwa anatoa kichwa nje ya kamba, refa asimamishe. Alifanya hivyo mara kadhaa, na mara moja refa akaanza hata kumhesabia. Ni jambo la aibu kwa bondia, nakubali. Raundi ambazo alifanya hivyo nilimpa Ali. Bado nikapata Young 8, Ali 6, moja sare.

Majaji? 72-65, 71-64, 70-68, zote kwa Ali. Hiyo 70-68 naweza kuishi nayo, tunabishana kama binadamu. Lakini mtu aliyeandika 72-65, kwa mfumo ule wa pointi tano kwa mshindi wa raundi, alikuwa anatuambia kwamba Ali alitawala. Ukizima sauti, huko kutawala hakuonekani kokote. Na mwaka uliofuata, Machi 1977, Young huyo huyo alimpiga Foreman kwa pointi mjini San Juan, na Foreman akaacha ndondi miaka kumi. Kwa hivyo msiniambie Young hakuwa mtu.

Hapa kuna msemo wa ndondi ambao nimeuchoka: ati ukitaka taji la bingwa lazima umpokonye, kushinda kidogo hakutoshi. Nitajie kifungu cha sheria kinachosema hivyo. Hakuna. Raundi ni raundi. Bingwa anaanza raundi ya kwanza akiwa na sufuri kama mwenzake. Ni mazoea tu, na kama mazoea mengi yana mtu anayeyalipia, na anayelipa ni yule ambaye hakuna anayemjua jina.

Ndio tunafika kwa Norton.

Ken Norton na Ali walicheza raundi 39 kwa jumla. Machi 1973 San Diego, Norton akamvunja taya na kushinda. Septemba mwaka huo huo, Ali akashinda majaji wakigawanyika, na daftari langu linakubali, kwa raundi moja. Shida ya Ali kwa Norton ilikuwa ya kiufundi, si bahati. Futch alikuwa amegundua kwamba Ali akirusha ya kushoto, mkono wa kulia unakaa chini, haulindi. Akamfundisha Norton arushe ya kushoto wakati ule ule. Ngumi mbili za kushoto zinatoka pamoja, ya Ali inakamatwa na glovu ya Norton, ya Norton inafika. Ali hakuwahi kupata dawa ya hilo, hata baada ya miaka mitatu.

Tarehe 28 Septemba 1976, Yankee Stadium, polisi wa New York wakiwa kwenye maandamano nje. Raundi 15 za taji. New York wakati huo hawakuwa wanahesabu pointi, walihesabu raundi tu: umeshinda, umeshindwa, au sare. Raundi uliyoshinda kwa ngumi moja ni sawa na ile uliyomchapa mtu akayumba. Kumbukeni hilo. Norton anaingia mbavuni, anasukuma, anafika. Ali anacheza na watazamaji, anatikisa kichwa kuwaonyesha kwamba haumii, na kama mnavyojua anayetikisa kichwa ni yule ambaye ameumia. Raundi za katikati Ali anaamka, anashinda kadhaa bila ubishi. Kadi za majaji wawili zilifika raundi ya 15 zikiwa 7-7. Na kona ya Norton ikamwambia yuko mbele, asijihatarishe. Akatoka ya 15 kwa tahadhari, dakika mbili nzima anachunga, halafu mwisho ndio akafungulia. Majaji wote wakampa Ali raundi hiyo. 8-7, 8-7, na refa 8-6 na moja sare.

Norton alilia pale ulingoni. Waandishi wengi waliokaa kando ya ulingo walikuwa wamempa yeye. Daftari langu ni Norton 9, Ali 6. Nilirudia baada ya wiki moja bila kuangalia kadi ya kwanza, nikapata 8-7 Norton. Kwa hivyo nakubali ni karibu. Lakini sijaweza kumpata Ali akishinda, na nimejaribu, kwa sababu nilitaka amani na mjomba. Mkanda wa WBC Norton alikuja kukabidhiwa tu mwaka 1978, na pambano lake la kwanza akiwa nao akampoteza kwa Larry Holmes, majaji wakigawanyika tena. Hakuwahi kushinda taji ndani ya ulingo. Usiku wake ulikuwa ule wa Yankee Stadium.

Mwaka uliofuata kulikuwa na Earnie Shavers, Madison Square Garden, na hilo nalitaja tu kwa sababu linafurahisha. Televisheni ilikuwa inatangaza kadi za majaji raundi kwa raundi. Dundee akaweka mtu chumba cha kubadilishia nguo atazame na kumpa ishara. Ali akajua yuko mbele. Kona ya Shavers haikufikiria hilo. Ushindi wa Ali ni halali, lakini ona jinsi mabingwa wanavyozungukwa na watu wenye akili, na wengine wanaingia na matumaini tu.

Mama ndiye aliyeniambia kwa nini mjomba hataki hadithi za majaji. Sikuwahi kuijua hiyo. Katikati ya themanini alifika pambano la kuchagua timu, dhidi ya bondia mwenye jina, wa klabu kubwa ambayo sitaitaja. Mama alikuwepo, alikuwa msichana wa sekondari. Anasema mjomba alimpiga yule mtu raundi zote tatu, na jamaa wa kona yake akamrukia kengele ya mwisho ilipolia akimwambia amepita. Halafu mkono ulioinuliwa ukawa wa mwingine. Alipigana miezi michache tena, akaacha. Ndio maana, mama akasema, kila Wangila akitajwa mjomba anarudia sentensi moja, kwamba Wangila hakuwaachia majaji kitu. Na ni kweli: Robert Wangila, Seoul 1988, Mkenya pekee aliyewahi kupata dhahabu ya Olimpiki kwa ndondi, alimaliza fainali kwa nokauti raundi ya pili. Katika michezo hiyo hiyo Roy Jones wa Marekani alimchapa mwenyeji wa Korea Kusini mbele ya dunia nzima, na majaji watatu kwa wawili wakampa Mkorea.

Sikumwambia mjomba kwamba najua. Jumapili ya tatu nilibeba simu na waya, nikaunganisha kwenye televisheni yake, nikamwambia, "Mjomba, mimi sijavaa glovu, wewe umevaa. Hesabu wewe." Nikafikiri atanifukuza. Akatafuta kalamu, akachukua bahasha ya harambee iliyokuwa mezani, akaigeuza nyuma. Mimi nikazima sauti.

Hakuongea raundi kumi na nne nzima. Kengele ikilia anaandika herufi moja, A au N, anafunika kwa kiganja kama mtoto wa shule kwenye mtihani. Kwenye ya tano aliguna. Kwenye ya kumi na moja alitabasamu, maana Ali alicheza vizuri, na nikaona kwamba hakuwa anamwandikia Norton ili kunifurahisha mimi. Kabla ya ya mwisho nikamwomba kuona. Saba kwa saba. Kadi ile ile ya majaji wawili wa New York, imeandikwa nyuma ya bahasha huku Nakuru.

Tukatazama ya 15. Norton anachunga. Anachunga tu. "Anangoja nini huyu?" mjomba akauliza.

"Kona yake imemwambia ameshinda."

Akanyamaza hadi kengele. Ali anarudi kwenye kona yake ameinamisha kichwa, Norton anatembea kama mtu aliyepata kitu. Mjomba hakuandika. "Rudisha," akasema. Nikamkumbusha kwamba sheria ni huruhusiwi kurudisha. Akanitazama. Nikarudisha.

Mara ya pili aliisogelea televisheni mpaka ikabidi nihame ndio nami nione. Ilipoisha alishika ile kalamu muda mrefu.

"Hata mimi niliambiwa hivyo," akasema, bado anatazama kioo. "Wakati wa kengele ya mwisho. Nimeshinda."

Akaandika N. Akaikunja bahasha mara mbili, akaiweka mfuko wa shati, akaniuliza kama kuna chai imebaki.